Didcot hadi Gorton: wiki ya kufuata injini za mvuke Uingereza

Nimerudi Voi na daftari lililolowa pembeni, na picha nyingi za magurudumu kuliko za watu. Nilikwenda kumtembelea dada yangu anayeishi Reading, magharibi ya London, mwishoni mwa Oktoba, shule za huko zikiwa zimefungwa kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Kwa mpenzi wa gari moshi hiyo ni wiki nzuri, maana makumbusho na reli za kitalii huwasha moto kwa ajili ya watoto.

Swali nililokwenda nalo lilikuwa hili: kwa nini Waingereza walitengeneza klasi nyingi namna ile, yaani aina za injini, za maumbo mbalimbali, kwa kisiwa ambacho leo unakivuka kwa treni kati ya asubuhi na jioni? Nimerudi na msimamo. Kila klasi iliundwa kuijibu njia yake: makaa yaliyopatikana karibu, uzito ambao madaraja yaliweza kustahimili, mlima uliokuwa mbele. Ukilichukua jibu la njia moja ukalipeleka kwenye njia nyingine bila kuuliza upya, huenda likakukatalia. Niliyaona yote mawili njiani.

Mpwa wangu, ambaye yuko chuo, alinisindikiza. Kabla ya kuondoka tulinunua kadi ya punguzo ya watu wawili wanaosafiri pamoja. Inakata theluthi ya nauli, lakini siku za kazi haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, na lazima wote wawili muwe ndani ya treni. Ilirudisha gharama yake upesi.

Jumamosi: Reading hadi Didcot

Safari ni fupi, hujamaliza chai umefika. Kituo cha kuhifadhi injini za Reli ya Great Western kiko nyuma kabisa ya stesheni ya Didcot, na mlango wake uko ndani ya njia ya chini kwa chini inayounganisha majukwaa, kwa hiyo huhitaji teksi. Kiingilio hupanda siku ambazo injini zinawashwa. Lipa tu, kwa sababu injini baridi haikuelezi hata nusu ya mambo yake.

Banda la injini ni la 1932. Ndani yake tulimkuta mzee mmoja wa kujitolea, ovaroli imekolea grisi, akipangusa fimbo za magurudumu ya Pendennis Castle, injini ya klasi ya Castle. Alipojua nimetoka mji uliozaliwa na reli aliacha kitambaa, akatuzungusha zaidi ya saa nzima.

Niseme kidogo kuhusu namba, maana zitarudi. Waingereza huitaja injini kwa kuhesabu magurudumu yake kutoka mbele. Castle ni 4-6-0: manne madogo ya kuongoza, sita makubwa ya kusukuma, na nyuma hakuna kitu. Ikiwa 4-6-2, kuna mawili zaidi nyuma yanayobeba tanuri pana.

Pendennis Castle iliingia katika historia mwaka 1925. Wakati huo reli za Uingereza zilikuwa zimeunganishwa kuwa kampuni nne kubwa, na Great Western ilibadilishana injini kwa majaribio na LNER, kampuni ya mashariki. Nigel Gresley, mbuni wa injini wa LNER, alikuwa na injini zake za 4-6-2, ndefu na nene. Pendennis Castle, iliyoonekana ndogo mbele yao, ilitoka King's Cross na mabehewa yale yale mazito, ikapanda bila kutereza, na ikala makaa machache zaidi.

Mzee alitupeleka kwenye silinda kutuonyesha sababu. Valvu za Great Western zilisafiri mbali zaidi zikifungua na kufunga, hivyo mvuke uliingia kwa wingi na kutoka bila kubanwa. Dereva aliweza kuukata mapema na kuuacha ujitanue wenyewe ndani ya silinda, badala ya kuendelea kuumimina. Mvuke ule ule ukafanya kazi kubwa zaidi. Gresley hakulificha somo hilo: miaka iliyofuata valvu za injini zake zilichorwa upya, na matumizi ya makaa yakashuka sana. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa rekodi yoyote ya mbio.

Kabla ya kuondoka mzee alituonyesha King Edward II. Injini hii ilikaa miaka mingi katika yadi ya vyuma chakavu ya Barry, kusini mwa Wales, na huko magurudumu yake ya nyuma yalikatwa kwa moto wa gesi. Waliojitolea walisubu mengine mapya. Katika yadi hiyo hiyo moja ziliokolewa injini 213.

Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, kwa nini watu wanahangaika hivi kwa chuma?" Mzee aliomba atafsiriwe, kisha akamwambia apande kwenye kibanda cha dereva na afungue mlango wa tanuri mwenyewe. Alishuka uso umemwiva, na swali hakulirudia.

Jumapili tulipumzika kwa dada. Pilau, kachumbari, mvua.

Jumatatu: Swindon

Ukiwa na siku moja tu, itumie hapa. Karakana za Swindon, zilizofunguliwa miaka ya 1840, ndizo zilizoijengea Great Western injini zake. Sehemu kubwa sasa ni maduka ya nguo, ila jengo moja limefanywa makumbusho. Kutoka stesheni ni mwendo wa robo saa kwa miguu, na njia ya waenda kwa miguu inapita chini ya reli. Chakula cha makumbusho ni ghali. Ndani ya maduka utapata cha bei nafuu, na viti ni vingi.

Ndani iko Caerphilly Castle, ya kwanza katika klasi yake, ya mwaka 1923. Unaweza kushuka kwenye shimo la mafundi ukapita chini ya tumbo lake. Nilikaa pale muda mrefu. Kutoka chini ndipo unapoziona silinda mbili za ndani zilizofichwa kati ya fremu. Juu hujui kama zipo.

Michoro ya Castle ilisainiwa na Charles Collett, mhandisi mkuu wa Great Western, lakini mawazo yake ni ya mtangulizi wake, George Jackson Churchward, aliyesimamia injini za Great Western kuanzia 1902 hadi 1921. Huyu ndiye ninayetaka msomaji amkumbuke. Alipokabidhiwa kazi hakuanza kwa kuchora injini moja nzuri. Alianza kwa kupanga familia: boila chache za vipimo maalumu, silinda za aina chache, magurudumu ya ukubwa uliokubaliwa, kisha akaziunganisha kupata injini ya mizigo, ya abiria wa kasi, ya vituo vidogo. Fundi aliyejua kutengeneza moja alijua nusu ya nyingine. Akanunua injini ya Kifaransa, La France, mwaka 1903, akaijaribu kwenye reli yake mwenyewe ili ajue Wafaransa walikuwa wamemtangulia wapi. Alichokiona kinafaa alikichukua, kilichobaki akakiacha.

Boila yake ilikuwa nyembamba mbele na nene kuelekea tanuri, kwa sababu joto kali liko nyuma na maji yanahitajika huko. Kuijenga hivyo ni ghali. Husimuliwa kwamba wakurugenzi walimwuliza kwa nini injini zake zinagharimu zaidi ya zile za kampuni ya London na North Western, naye akajibu kwamba moja yake inaweza kuvuta mbili zao kinyumenyume. Mwaka 1910 walibadilishana injini na kampuni hiyo, na injini ya Swindon, Polar Star, ikathibitisha madai yake.

Lakini hata Churchward aliwahi kujibu swali ambalo njia haikuuliza. Mwaka 1908 karakana hii ilitoa The Great Bear, injini ya kwanza ya 4-6-2 nchini. Ilikuwa moja tu. Uzito wake uliifungia karibu kabisa kwenye njia ya London na Bristol, na hapakuwa na treni iliyohitaji kitu kikubwa hivyo. Mwaka 1924 ilivunjwa, ikajengwa upya kuwa Castle.

Churchward alistaafu akabaki Swindon, karibu na reli. Desemba 1933, macho na masikio yake yakiwa yamechoka, aligongwa na treni akiwa kwenye njia. Iliyokuwa ikivuta ni Berkeley Castle, injini ya klasi iliyotokana na kazi yake.

Injini ya mwisho ya mvuke iliyojengewa Shirika la Reli la Uingereza nayo ilitoka hapa, Machi 1960: Evening Star, 2-10-0 ya klasi 9F, imara na yenye nguvu. Ilikuwa ya mwisho katika injini 999 za familia ya kitaifa iliyosimamiwa na Robert Riddles, mpango wa vipuri vya pamoja ambao Churchward angeutambua mara moja. Ilifanya kazi miaka 5 tu. Dizeli zilikuwa zimeshakuja.

Jumanne: Reading, London, York

Siku ya kukaa ndani ya treni. London tulibadilisha kutoka Paddington kwenda King's Cross kwa treni ya chini ya ardhi. Tiketi za kwenda York tulizinunua wiki kadhaa mapema, na tofauti ya bei ni kubwa mno, usingoje siku yenyewe. Ila tiketi hizo ni za treni moja tu, ukiikosa umezipoteza.

Karibu na Peterborough tulisimama. Dakika arobaini, kisha zikaongezeka. Hitilafu ya ishara, walisema. Kondakta alipita behewa kwa behewa akiwaambia watu watunze tiketi, maana kuchelewa kiasi hicho kunakupa haki ya kudai sehemu ya nauli, na mpwa wangu alijaza fomu kwenye simu papo hapo. Fanya vivyo hivyo, watu wengi hawadai.

Nami nilifurahi kukwama hapo. Kaskazini ya Peterborough ndipo ulipo mteremko wa Stoke. Tarehe 3 Julai 1938 Mallard, injini ya Gresley, ilishuka pale ikielekea kusini na mabehewa saba, moja likiwa behewa la vipimo, ikafika maili 126 kwa saa, karibu kilomita 203. Hakuna injini ya mvuke ambayo imethibitishwa kuipita. Dereva alikuwa Joseph Duddington, faiamani, yaani mtia makaa, Thomas Bray. Lakini beringi ya fimbo ya silinda ya kati ilipata moto, na Mallard haikufika London siku ile. Iliachwa Peterborough, injini ya zamani ikamalizia safari.

Jumatano: York

Makumbusho ya Taifa ya Reli yako nyuma ya stesheni na kiingilio ni bure. Injini huhamishwa kati ya York na tawi lake la Shildon, kwa hiyo kama unafuata injini fulani, thibitisha kabla ya kusafiri.

Mallard ina watu wengi kila saa. Ni nzuri kweli, ile bluu na ule mgongo uliolainishwa. Gresley alizijenga klasi A4, 35 kwa jumla, kuanzia 1935, kwa kazi moja: treni chache nyepesi za kasi. Jirani yake ni Duchess of Hamilton, ya William Stanier wa kampuni ya LMS, nayo imevalishwa ganda la kukata upepo. Ganda la awali waliwahi kulivua kwa sababu liliwazuia mafundi kufika ndani, wakalirudisha 2009 kwa ajili ya makumbusho.

Iliyonishika mimi ni ile ambayo wengi waliipita wakienda kupiga picha na Mallard: injini nyeusi ya China, KF7, 4-8-4 iliyojengwa katika kiwanda cha Vulcan Foundry, Lancashire, mwaka 1935. Reli yake ina upana uleule wa Uingereza, milimita 1,435. Lakini simama kati yake na Mallard uangalie juu. Ya China inaipita kimo na unene kwa mbali. Uingereza walijenga madaraja na mahandaki yao mapema sana, yakiwa finyu, na tangu hapo kila mbuni wa injini alifanya kazi ndani ya tundu lile. Wahandisi wa Lancashire walipochorea nchi isiyo na tundu hilo, mikono yao ikafunguka. Vulcan Foundry hao hao baadaye walitujengea Afrika Mashariki klasi 31.

Chakula cha mchana: mkate na jibini tuliobeba. Jioni baridi ilikuwa kali, tukarudi mapema kulala.

Alhamisi: Pickering hadi Grosmont

Kutoka York basi la Whitby linapita Malton na Pickering, nauli ni pauni 3, na kiti cha ghorofani mbele ndicho cha kugombea. Pickering tulikuta mama mmoja kituoni aliyetuona tunatetemeka, akatufungulia chupa yake ya chai bila kuuliza tunatoka wapi. Aliuliza baadaye, tulipokuwa tumeshashika vikombe.

Reli ya North York Moors ni ya urefu wa kilomita 29, na tiketi ya siku nzima ndiyo iliyokuwa gharama kubwa kuliko zote za wiki. Usiishie Goathland kama wengi wanavyofanya kwa ajili ya picha. Nenda mpaka Grosmont, kisha rudi nayo, kwa sababu kutoka Grosmont reli inapanda mita moja kwa kila mita 49, na hapo ndipo injini inapoonyesha kazi yake.

Yetu ilikuwa Black Five. Hii ni 4-6-0 ya Stanier, zilijengwa 842 kati ya 1934 na 1951, karibu zote bila jina. Zilivuta kila kitu, samaki na askari na wasafiri wa likizo. Nilisimama dirishani behewa la kwanza. Mlima ulipoanza, pumzi za dohani zilipungua kasi lakini kila moja ikawa nzito zaidi, hadi nikazisikia kifuani. Haikutereza hata mara moja. Mvua ya masizi ilitunyea, na watoto waliokuwa dirisha la pili walipiga kelele kwa furaha hadi juu.

Tazama boila yake kwa ubavu: nyembamba mbele, nene nyuma. Stanier alizaliwa Swindon, alifundishwa Swindon, na mwaka 1932 LMS walimchukua awatengenezee mambo. Alikuja na mafunzo ya Churchward. Na hapa ndipo msimamo wangu unapopata ushahidi wake mzuri kuliko wote. Swindon hawakuupasha mvuke joto la ziada sana, na kwa makaa bora ya Wales waliweza. Stanier alipofanya vivyo hivyo kwenye klasi yake ya Jubilee, ya 1934, injini zilishindwa kutoa mvuke wa kutosha, na madereva wakalalamika. Njia ilikuwa nyingine na makaa mengine. Alikubali, akaongeza mirija ya kupasha mvuke, akarekebisha boila, na Jubilee zikawa injini za kutegemewa. Black Five ninayoisifu hapa ilinufaika na somo hilo hilo.

Kwa Waislamu na wasiokula nyama: maduka mengi ya samaki na chipsi huku Yorkshire hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe. Uliza kabla ya kuagiza. Sisi tuliuliza, mwenye duka akatuelekeza mwenyewe kwa jirani yake anayetumia mafuta ya mimea.

Ijumaa: Manchester na Gorton

Treni kutoka York ni ya saa moja na nusu hivi, ikivuka milima. Makumbusho ya Sayansi na Viwanda yako kwenye stesheni ya Liverpool Road, iliyofunguliwa 1830, stesheni ya abiria ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Kiingilio ni bure. Katika jumba lao la mitambo kuna Garratt ya Afrika Kusini, klasi GL, na nilipoiona niliiamkia kimoyomoyo kama ndugu wa mbali.

Garratt ni wazo la Herbert Garratt, lililojengwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Gorton, mashariki mwa mji huu huu. Ya kwanza ilikwenda Tasmania 1909. Kuna injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja na magurudumu na silinda zake, na boila imening'inia katikati kama mzigo uliobebwa na watu wawili kwenye mti mmoja. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, unaweza kuinenepesha upendavyo. Uzito unagawanyika kwenye ekseli nyingi, kwa hiyo reli nyepesi inastahimili, na mwili unajikunja kwenye kona. Ndilo jibu kamili kwa nchi yenye milima, kona na reli nyembamba.

Yaani kwetu. Mwaka 1955 na 1956 Gorton walijenga injini 34 za klasi 59 kwa Reli za Afrika Mashariki, kila moja tani 252, magurudumu 4-8-2+2-8-4, kwenye reli ya mita moja tu. Zilikuwa na nguvu kuliko injini zote za mvuke za reli za upana huo. Ziliweza kupandisha tani 1,200 kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi. Zilipewa majina ya milima yetu, na wazee wa Voi bado wanakumbuka jinsi vikombe vilivyotikisika kabatini zilipopita usiku.

Gorton ni dakika chache kwa treni kutoka stesheni ya Piccadilly. Kiwanda kilianza 1854, kikafungwa 1966. Jengo moja kubwa limebaki, linatumiwa na halmashauri ya jiji, na huruhusiwi kuingia. Tulilitazama kutoka barabarani kisha tukaingia mkahawa wa karibu kujipasha moto. Mama aliyetuhudumia alisema babu yake alipiga ribiti za boila mle ndani hadi masikio yakafa. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya injini 5930 ya klasi 59, Mount Shengena, ikiwa Nairobi. Aliita watu wa jikoni waje waione, akakataa kupokea pesa ya chai, na akaniomba nimtumie picha hiyo. Nimeituma.

Kwa aliye Kenya au Tanzania: si lazima upande ndege kuiona klasi 59. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yanazo mbili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, pamoja na klasi 29, 30 na 31 za injini zilizopewa majina ya makabila. Nenda asubuhi kabla jua halijapasha vyuma, uvae nguo usiyoijali, na upite chini ya boila ya 5930 uone mwenyewe nafasi ilivyo wazi.